Chupa Kumi na Moja za Mupunga

Sitajifanya mutu mwenye kujua mambo ya doktora, yale masomo ya juu kabisa. Mimi ni fundi wa kushona hapa Kasongo. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari, na hata ule mwaka wa pili sikuumaliza vizuri. Mwenye kusoma mu nyumba yetu ni bibi yangu, mama wa watoto wangu. Yeye anafundisha ku chuo cha kilimo, wanamuita asistanti, na huo uasistanti umedumu mpaka wanafunzi wake wa kwanza wameanza kumuletea watoto wao awafundishe. Mwaka huu neno lilikuwa moja tu kwetu: aende Kisangani kufanya doktora, ao abaki?

Neno hilo lilipoanza nilinunua kaye mpya, daftari la mistari. Nina tabia ya kuandika tangu zamani, sijui kama ni tabia nzuri. Nilifungua kurasa mbili zinazotazamana. Ya kushoto nikaandika juu yake AENDE, ya kulia ABAKI, na nikajiwekea sheria: sitaandika kitu upande mumoja bila kutafuta cha upande wa pili. Niliweka hiyo sheria kwa sababu ninajijua. Mutu anayebaki nyuma anaweza kuita woga wake hekima, na akasadikiwa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Abaki: mutoto wetu wa mwisho atafanya egzamen ya Serikali mwaka ujao. Aende: mutoto huyo mwenyewe amesema mama aende, labda anatafuta nafasi ya kupumua. Abaki: iko na miaka makumi ine na moja. Aende: akibaki, mwaka ujao atakuwa na makumi ine na mbili vilevile. Aende: wenzake wawili wa kazi walishaenda, na mumoja amerudi, sasa anatembea polepole kama mutu aliyebeba mayai mu mifuko. Abaki: nitakosa mutu wa kunicheka. Aende: anaweza kunicheka ku simu.

Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, ndiye mutawala wa jiko letu. Anakaa na sisi tangu bwana yake alipofariki. Yeye alikuwa na neno lake.

"Mutoto wa watu," alimuambia bibi yangu, "unataka kusoma mpaka wapi? Masomo ni kama barabara ya Kabambare. Unafika mahali, unauliza, wanakuambia: bado."

Hilo niliandika upande wa Abaki. Lakini kesho yake nilimsikia ku kisima akimuambia jirani: "Bibi wa mwanetu anaitwa Kisangani. Wa kwenu anaitwa wapi?" Na hilo niliandika upande wa Aende, kwa haki.

Bibi mwenyewe hakuwa anaogopa safari wala miaka. Shida yake ilikuwa nyingine. Wakati wa kiangazi alikuwa amezunguka vijiji vya kwao, upande wa Wamaza, siku zingine kwa pikipiki, siku zingine kwa miguu, na kila kijiji mama mumoja mzee alimupa mbegu ya mupunga wa zamani, ile ambayo haipatikani ku duka. Aliitia mu chupa za plastiki za maji. Zilikuwa chupa kumi na moja. Kila moja alibandika karatasi kwa uji wa muhogo: jina la mupunga, jina la kijiji. Alizipanga ku ubao juu ya kitanda chetu. Mimi nikizitazama niliona kama wageni kumi na moja wanaokaa kimya, wanangojea kuambiwa wameitiwa nini.

Yule profesa wa Kisangani, aliyekuja kufundisha hapa na kumpenda kwa akili yake, alizisifu sana. Kisha akamutumia sauti ku simu. Tuliisikiliza pamoja: "Mama, mbegu uko nayo. Lakini mbegu si teze, si kitabu cha doktora. Nitumie swali. Moja tu, mustari mumoja. Mwezi ukiisha bila swali, nafasi yako nitaipa mwingine."

Bibi alikaa na hilo neno majuma matatu. Anaandika, anafuta. Anaandika, anafuta. "Niko na majibu kumi na moja," aliniambia, "na sina swali hata moja." Siku aliposema hivyo alicheka, lakini macho hayakucheka. Zilikuwa zimebaki siku ine mwezi uishe.

Sasa ndiyo ninafika ku ile alhamisi.

Ile asubuhi bibi alikuwa ku chuo. Mimi nilikuwa ku mashini, ninashona mashati ya shule. Nikasikia pikipiki mbili zinasimama inje. Mama mukwe wangu na mudogo wake, ambaye bibi anamuita mama mudogo, walikuwa wametoka Wamaza, wamejaa vumbi jekundu mpaka kope za macho. Walikuwa na kuku mumoja na kitunga cha karanga. Hakuna mutu aliyewaita. Habari ya Kisangani iliwafikia yenyewe, wakakuja kuona kama ni kweli.

Lazima niseme hapa desturi, ao sivyo hutaelewa. Kwa kwao bibi, mukwe mwanaume hakai mahali mama mukwe anakula. Hamutazami mudomo. Anamsalimia kwa mbali, ameinama, kisha anatafuta kazi mahali pengine. Tumeoana miaka kumi na tisa na sijaona mama mukwe wangu akitafuna hata karanga moja. Basi niliinama, nikasalimia, nikauliza habari za mashamba nikiangalia miguu yangu, nikarudi ku mashini. Kazi yangu ninaifanyia mu chumba kidogo cha mbele. Kati ya hapo na sebule iko ukuta wa matete tu, wenye kupitisha kila neno.

Shangazi akaja mbio.

"Fundi!"

"Shangazi."

"Mu gunia hakuna kitu. Wakwe watakula nini? Bukari ya unga wa muhogo, siku ya kwanza?"

"Ku soko iko muchele."

"Ule wa magunia, wa kutoka mbali? Mutu wa Wamaza, mulimaji wa mupunga, mimi nimupikie muchele wa duka? Unataka jina langu lifike Kabambare mbele ya pikipiki yao?"

Nilikuwa ninaweka mukono wa shati, na pini tatu mu mudomo. Nikasema: "Mu chumba iko mupunga."

Ni maneno manne. Nimeyapima mara nyingi tangu ile siku. Ninafikiri nilitaka kusema ile ndoo ndogo ya chini ya kitanda, ambayo tunawekaka mupunga wa kukula. Lakini ile ndoo shangazi mwenyewe alishaimaliza juma lililopita, na mimi nilimuona akiikunguta. Basi nilijua iko tupu ao nilisahau? Sijui. Ninaandika sijui kwa sababu ndiyo kweli. Mikono yangu ilikuwa na kazi, lakini moyo wa mutu haungojei mikono imalize.

Kisha nikasikia kinu. Tu, tu, tu. Nilifurahi kabisa. Nilisema, wakwe watakula vizuri leo, na nikaanza kukanyaga mashini kwa kufuata mupigo wa mutwangio.

Bibi alirudi jua likiwa ku kichwa. Alisimama ku mulango wangu, kitabu mu mukono, akavuta hewa.

"Iko harufu gani hii?"

"Wali. Mama zako wamefika."

Akatabasamu. Kisha uso ukasimama. "Harufu hii ninaijua," akasema. "Huu mupunga haulimwi Kasongo."

Akapita, akaingia chumbani kwetu. Nikasimamisha mashini. Akatoka kwa mulango wa nyuma, na mimi nikamufuata. Kule uani, ku jua, chupa kumi na moja zilikuwa zimepangwa juu ya jiwe, vichwa chini, zinang'aa. Karatasi zote zimeondoka. Uji wa muhogo na maji havipatani.

Shangazi alitoka jikoni akipangusa mikono, uso wake umechanua kwa furaha. "Nilikuona na chupa zenye makaratasi machafu," akasema, "nikakuoshea."

Bibi aliniangalia. "Fundi," akasema.

Yeye siku zote ananiitaka baba wa watoto. Siku akiniita fundi, ninajua iko kitu kimepasuka.

"Ni mimi nilimuonyesha chumba," nikasema. "Nilisema mu chumba iko mupunga."

Hakupiga kelele. Alikaa ku kizingiti cha jiko, akachukua chupa moja, akachungulia ndani kwa jicho moja kama mutu anayetafuta njia. "Basi," akasema. "Mungu amejibu. Nibaki."

Na hapa iko kitu kigumu kukiandika. Aliposema nibaki, ndani yangu kulikuwa na furaha. Ilikuwa ndogo, kiasi cha punje moja. Lakini ilikuwako. Ningependa kuiacha, na mutu mwingine angeiacha, lakini kaye yangu ingekuwa ya uongo.

Kutoka sebuleni mama mukwe akaita: "Munaficha nini kule? Wali unapoa!" Na mwanamuke hawezi kulia wakati mama zake wanangojea chakula. Bibi akasimama, akanawa uso, akabeba sinia. Shangazi akanipatia sahani yangu pembeni, nikarudi nyuma ya ukuta wangu wa matete.

Sikuweza kushona. Nikafungua kaye niandike kosa langu lingali moto. Nilikuwa nimeandika mistari miwili tu nikasikia mama mukwe, mudomo umejaa:

"Mm. Huu ni Muguu wa Kanga."

"Wapi!" Huyo alikuwa mama mudogo. "Muguu wa Kanga hautelezi hivi. Huu ni ule wa marehemu mama yetu. Ni Ngojea Bwana."

"Weye meno yamekwisha, utajua nini?"

"Ndiyo sababu ninajua! Mwenye meno anatafuna tu. Mwenye ufizi ndiye anaonja."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Mama mukwe hakukubali. "Leta hapa. Angalia hizi nyekundu, fupi. Weka pembeni. Hizi ndefu, weka huku. Lakini nani amepika mipunga yote hii mu chungu moja? Moja iko bado ngumu, nyingine imeshakuwa uji!"

"Mimi ni mutu wa muji," shangazi akajitetea. "Kwetu mupunga ni mupunga."

"Pole," mama mudogo akasema. "Ni kama kusema mutu ni mutu."

Nikasikia vidole vinachambua ku sahani. Nikasikia bibi yangu, sauti yake ya chini, bado nzito: "Mama, hizo nyekundu nilipewa mu kijiji cha ng'ambo ya mto. Kule hawakusema Muguu wa Kanga. Walisema unaitwa Usitupe."

"Usitupe!" Mama wote wawili walicheka pamoja, kisha mama mukwe akasema: "Usitupe ni Muguu wa Kanga uleule. Weye hujui? Ulipelekwa na bibi-arusi. Binti wa kwetu aliolewa kule, akaondoka na mbegu amefunga ku pindo la kitenge. Kufika, mama mukwe wake akasema hapa hatuli muguu wa ndege wa watu. Akaupa jina jingine. Kama vile binti mwenyewe walivyomupa jina jingine."

"Na Ngojea Bwana?" bibi akauliza.

"Huyo naye aliolewa mara mbili," mama mudogo akasema. "Kwanza Wamaza, kisha karibu na Nyangwe. Kule Nyangwe uliza watakuambia jina la tatu."

Kisha wakaanza. Huu ulitoka kwa nani, ule uliletwa mu pindo la nani, huu ulikataliwa kwa mama mukwe mukali ukalimwa kwa kujificha nyuma ya muhogo. Chupa moja, walisema, haikuwa ya mupunga mumoja: yule koko, yule mama mzee aliyeitoa, anachanganya makusudi, moja unaiva mbele watoto wasilale njaa, mwingine unaiva nyuma kwa kuweka. Wakabishana, wakatukanana kwa upendo, wakaombana chumvi. Mimi niliandika. Sikuwa na akili ya kujua ni kitu gani ninaandika. Niliandika tu, kila mutu na neno lake, yule wa meno na yule wa ufizi, mistari sawa kwa sawa. Nafasi ilikuwa ndogo, nikapita juu ya mustari wa katikati, toka Aende mpaka Abaki, bila kusimama.

Mulango ukafunguka. Bibi alikuwa na mwiko mu mukono, na wali umeshika ku shavu.

"Baba wa watoto, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mama alisemaje juu ya yule bibi-arusi wa ng'ambo? Alitaja binti wa ukoo gani? Nilikuwa ninagawa mboga, imenipita."

Nikamusomea. Akasema rudia, nikarudia. Akasema na ule wa Nyangwe, nikamusomea na ule. Akachukua biki yangu, akavuta karatasi niliyokatia kola ya shati, akaandika juu yake. Sikuona akifuta. Aliponigeuzia nilisoma: *Mipunga yetu inafuata njia za ndoa?*

"Ni swali?" nikamuuliza. Niliuliza kwa kweli, mimi sijui.

"Ni swali," akasema. "Niko nalo tangu nilipozaliwa na sikuliona. Chupa zilikuwa zinanionyesha mbegu. Hazikunionyesha wenye kuibeba."

Alituma mustari ule ku simu palepale, amesimama, mwiko kwapani. Jibu la profesa lilirudi kabla ya sahani kuondolewa. Alisema tu: "Sasa uko na swali. Lete mbegu."

Tukaangaliana. Mbegu ilikuwa mu matumbo yetu.

Ni shangazi, aliyekuja kuchukua sahani yangu, ndiye alianza kucheka, na yeye ndiye alikuwa na sababu ndogo kuliko wote. Habari ilipita ku sebule, na mama mukwe akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwangu: "Mbegu? Mbegu iko ku ghala, juu ya moshi. Mulifikiri tulimupa yote? Nani anampa mutu wa masomo mbegu yote? Lakini akuje mbio. Mvua ya kwanza ikianguka, tunapanda, na hatutangojea Kisangani."

Walipokwenda kupumzika nilimuambia bibi ile habari ya ndoo, na ya punje ya furaha. Nilimusomea ilivyoandikwa ili nisipunguze. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua ndoo ni tupu?"

"Sijui."

Alifikiri. "Weye ukishona mukono wa kushoto unaupima na wa kulia mara tatu," akasema. "Kama ungetaka kunizuia ungeandika kwanza sababu za mimi kwenda, ukachelewa." Kisha akanigonga kichwa na kaye, si kwa nguvu, si kwa muchezo kabisa pia. "Lakini chupa utazijaza weye."

Ilikuwa haki. Juma lililofuata nilifunga mashini, nikabeba chupa kumi na moja mu mufuko mugongoni, tukapanda pikipiki kwenda Wamaza, kisha vijiji vingine kwa miguu. Bibi aliuliza, mimi niliandika: nani aliolewa wapi, alibeba nini mu pindo. Wenye kusema hawakuwa wanapatana, na mara mbili koko mumoja alinigombeza kwa sababu niliandika pia maneno ya mupinzani wake. Karatasi nilizibandika kwa gundi ya viatu. Nyingine zimepinda, ninakubali.

Siku ya mwisho nilisimama inje ya ghala la mama mukwe. Yeye alikuwa ndani, ananipitishia mbegu kwa ufa wa mulango, uso umegeukia upande mwingine kama inavyopasa. Nikasikia sauti yake:

"Mukwe. Wote wamesema neno lao. Weye hatujakusikia. Aende ao abaki?"

Ilikuwa kweli. Hakuna mutu aliyeniuliza, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kurasa mbili zenye mistari sawa. Nilitafuta la upande wa kulia, nikalipata, lilikuwa lilelile la siku zote: nitakosa mutu wa kunicheka. Sikuliona dogo. Lakini nilisikia bibi uani, anabishana na mama mudogo juu ya punje moja nyekundu, sauti yake imepanda kama ya binti wa miaka kumi na tano.

"Aende, mama," nikasema. "Kisha arudi."

Mukono ukatoka tena ku ufa, umejaa, ukamimina mu kofia yangu mupunga mara tatu, ine.

"Huu si wa chupa," akasema. "Huu utie mu ile ndoo yenu. Siku tutakuja tena, musitupikie masomo."